Kupiga Chapa Tangazo la Chanjo ya Mbwa

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mbwa ni mlinzi wa zizi na mwenzi wa mchungaji. Usiku hubweka fisi akikaribia, na mchana huandamana na ng'ombe malishoni. Walakini mbwa huyo huyo, akishikwa na kichaa, aweza kuleta mauti nyumbani. Ugonjwa huu huingia mwilini mwa mtu kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa kwa jeraha la meno, na katika wanaoumwa watoto ni wengi. Aliyeumwa yampasa kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia apigwe sindano. Maana dalili zikisha kuonekana, karibu hapana anayepona.

Kinga iliyo bora ni kuwachanja mbwa wenyewe. Jambo hili lilijaribiwa katika Wilaya ya Serengeti kati ya miaka ya 1996 na 2001. Wachanjaji walikwenda kijiji kwa kijiji, na watu wakaleta mbwa wao. Baada ya uchanjaji wa kwanza kichaa kilipungua kwa 70 katika kila 100, na baada ya wa pili kwa 97 katika kila 100. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi kazi yote yategemea jambo moja dogo: watu wapate habari, tena wapate habari iliyo kweli. Wako ambao hawaji kwa sababu hawakusikia, na wengine walikuwa mbali na mifugo yao. Wako pia wanaokuja na mbwa mkubwa na kuwaacha watoto wake nyumbani, wakidhani mbwa mchanga hachanjwi. Sivyo, mbwa mchanga naye huchanjwa, na mbwa wachanga ni wengi sana kijijini.

Kwa hiyo tangazo lafaa. Si lazima kungoja mashine ya mjini, kwani wanafunzi wawili au watatu waweza kupiga chapa matangazo 30 nyumbani kwa vitu vinavyopatikana jikoni na porini.

Kwanza ni maneno. Wengi huanza kwa wino na kumaliza kwa majuto. Habari zichukuliwe kwa bwana mifugo au kwa mwenyekiti wa kijiji, si kwa maneno ya mnadani, nazo ziandikwe mbele yake: chanjo ya nini, mahali gani, siku na tarehe, saa, na kama ni bure. Siku na tarehe zitazamwe katika kalenda kama zapatana. Neno "kesho" lisiandikwe kamwe, maana tangazo lililobandikwa Jumatano hudanganya ifikapo Alhamisi. Saa iandikwe kama watu wanavyoisema, yaani "saa 3 asubuhi". Ikiandikwa 9 peke yake, mmoja atafahamu saa tatu asubuhi na mwingine saa tisa alasiri. Mama akitoka kitongoji cha mbali na mbwa wawili kambani, akafika wachanjaji wamekwisha kufunga makasha yao, atarudi na mbwa wale wale wasio na kinga, na mwaka ujao hataliamini tangazo.

Maneno yakisha kupatikana, yapunguzwe. Mpita njia hasimami kama msomaji wa kitabu; amebeba ndoo au anaswaga ng'ombe. Kwa mfano, maneno haya yatosha:

CHANJO YA MBWA
BURE
Uwanja wa shule
Jumamosi, tarehe 14 Juni
Saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana
Mlete mbwa wote, hata wachanga, wamefungwa kamba

Mstari wa kwanza uwe mkubwa kuliko yote. Karatasi iwekwe ukutani, na mtu arudi nyuma hatua kumi. Asipoweza kuusoma mstari ule kwa urahisi, herufi na zikuzwe. Pembeni pote paachwe peupe, upana wa vidole viwili. Mwanafunzi hupenda kujaza nafasi hiyo kwa maua na nyota, lakini jicho la msomaji huvutwa na weusi uliozungukwa na weupe. Likikuta maua, hupotea humo. Pambo moja tu lafaa, nalo ni picha ya mbwa aliyefungwa kamba, kwa kuwa wako wazee wasiosoma, nao ndio wenye mbwa.

Herufi hukatwa katika kadi ngumu, kama ya boksi la sabuni. Kadi hiyo isuguliwe kwanza kwa mshumaa pande zote mbili, isinywe wino. Kisha herufi zichorwe kwa penseli na kukatwa kwa wembe juu ya ubao, mkono usioshika wembe ukiwa nyuma ya makali, wala si mbele yake. Hapa pana mtego. Herufi A, B, D, O, P na R zina kiini katikati. Zikikatwa mzunguko mzima kiini huanguka, na O huwa shimo tu. Hapana budi kuacha vidaraja viwili vyembamba vinavyokishika kiini. Mstari wa tarehe ukatwe katika kipande chake peke yake.

Picha ya mbwa hukatwa katika kiazi kitamu kikubwa. Kiazi kipasuliwe kwa pigo moja la kisu ili uso wake uwe sawa, ukaushwe kwa kitambaa, kisha mbwa achorwe na nyama iliyomzunguka iondolewe kwa kina cha punje ya hindi. Mbwa anayetazama kushoto katika kiazi atatazama kulia katika karatasi. Kwa picha hilo si neno, lakini mwenye kutaka kuchonga herufi katika kiazi lazima azichonge kinyume. Ndivyo walivyofanya kazi wapiga chapa wote wa zamani. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, akawafundisha kupiga chapa wavulana waliookolewa katika utumwa. Nao walipanga herufi za risasi moja moja, zote zikiwa kinyume kama katika kioo. Mwaka 1888 gazeti la Msimulizi lilianza kupigwa chapa huko Kiungani. Kiazi chadumu siku moja tu, kisha hunyauka, na mbwa hukondeana pamoja nacho.

Wino ni masizi na utomvu wa mgunga. Masizi ya kibatari ni laini kuliko ya chungu. Utomvu ulowekwe usiku kucha katika maji ya moto kidogo, uchujwe kwa kitambaa, ukorogwe na masizi hata uwe mzito kama asali nyepesi. Ukitambaa katika karatasi, maji yamezidi. Ukikauka na kupasuka, utomvu umezidi. Udongo mwekundu uliosagwa na kuchekechwa, ukitiwa utomvu ule ule, hutoa rangi ya neno BURE.

Kazi ya kupiga chapa yataka watu wawili, mmoja mwenye mikono safi na mmoja mwenye mikono michafu, wala wasibadilishane. Wa kwanza huweka karatasi na kadi juu yake. Wa pili huchovya kitambaa kilichoviringwa kuwa kidonge, hukikamua, kisha hugonga juu ya matundu kwa kuinua na kushusha. Asisugue, maana wino hupenya chini ya kadi na kuharibu ukingo wa herufi. Maneno madogo ya chini yaandikwe kwa kalamu, maana wembe hauyawezi. Karatasi ya kwanza kukauka apewe mtu ambaye hakuwamo katika kazi, aisome kwa sauti. Wenyewe husoma walichokusudia kuandika, si kilichoandikwa.

Hubandikwa siku nne au tano kabla, ili habari ziwafikie na walioko malishoni. Mahali ni pale watu wanaposimama kungoja: mashine ya kusaga, kisima, josho, duka, mlango wa kanisa, na mwenye ukuta aombwe ruhusa. Gundi ya uji wa unga hushika vizuri, lakini mbuzi huipenda. Tangazo lililobandikwa chini ya kimo cha mbuzi lina maisha ya asubuhi moja. Libandikwe juu, chini ya upenu, mvua isilifikie.

Jioni ya siku ya chanjo matangazo yote yabanduliwe, asije mtu akayaamini wiki ijayo. Kadi zifutwe kwa kitambaa chenye maji, zikaushwe na kutunzwa bapa kati ya mbao mbili. Kila mwaka huzaliwa mbwa wapya wasio na kinga, na wachanjaji watakaporudi, kipande kitakachokatwa upya ni kile cha tarehe.