SOMO LA MWEZI: MWIZI NA MNUNUZI WAKE

Mafungu ya kusoma: 2 Wafalme 25:13-17, Mithali 29:24, Luka 19:1-10, Waefeso 4:28



Majeshi ya Babeli yalipouteka mji wa Yerusalemu hayakuchukua mateka tu. Nguzo za shaba zilizosimama penye nyumba ya Bwana tangu siku za Sulemani zilivunjwa vipande vipande, na shaba yake ikapelekwa Babeli. Kazi ya mafundi hodari ikageuka kuwa mzigo wa kupimwa kwa mizani.

Jambo hili tunalijua hapa kwetu Kenya. Mfuniko wa shimo la maji machafu huondolewa usiku, na asubuhi mtoto hutumbukia. Vyuma vya kando ya barabara hung'olewa penye kona kali. Transfoma hufunguliwa, waya wake wa shaba ukachukuliwa na mafuta yake yakauzwa. Kijiji kikabaki gizani, na zahanati ikakosa umeme wa kutunzia chanjo. Wengine hufia juu ya nguzo hizo kwa kupigwa na umeme.

Tarehe 11 Januari 2022 minara ya njia ya umeme itokayo Kiambere ilianguka Nairobi, na nchi karibu yote ikakosa umeme. Serikali ilisema kwamba vyuma vya minara vilikuwa vimeibwa. Tarehe 20 Januari Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, na marufuku hiyo iliondolewa mwezi wa Mei mwaka ule ule. Katika miezi hiyo waliumia pia waokotaji wasio na hatia, wanaosukuma mikokoteni yao kwa jasho ili watoto wale.

Kwa nini wizi huu huzidi wakati fulani? Tazameni bei. Machi 2020 tani moja ya shaba katika soko la London ilikuwa chini ya dola 5,000. Mei 2021 ilikuwa imepita dola 10,000. Bei ikipanda huko mbali, nguzo ya umeme ya kijijini hutamaniwa. Tena chuma kikiisha kuyeyushwa, hakuna awezaye kusema kilikuwa cha nani.

Lakini mwizi hali shaba. Lazima awepo mtu wa kuipokea, kuipima na kutoa fedha bila kuuliza. Ndugu zetu wa Kanisa la Uingereza walilijifunza hili kwa uchungu, maana makanisa yao mengi ya kale yameezekwa kwa mabamba ya risasi. Wezi waliyabandua usiku, na mvua ikaharibu dari na vinanda. Mwaka 2012 sheria ilikataza kununua vyuma chakavu kwa fedha taslimu, na sheria ya 2013 ikamtaka mnunuzi awe na leseni na ahakikishe muuzaji ni nani. Wizi ulipungua sana, ingawa haukwisha. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2015 inayomtaka mfanya biashara hii awe na leseni na kuandika anachonunua. Sheria hizi zinamtazama mnunuzi, na Mithali 29:24 humtazama vivyo hivyo: anayeshirikiana na mwizi anajidhuru nafsi yake mwenyewe.

Basi tufanye nini katika parishi yetu?

1. Tuandike orodha ya mali ya kanisa: kengele, lango, mabomba, tangi. Kila kitu kigongwe alama ya parishi.
2. Bawaba na nati za lango zichomelewe, zisiweze kufunguliwa kwa spana.
3. Tukiletewa sufuria, waya au bomba kwa bei ya ajabu, tuulize lilikotoka. Tukikosa jibu, tusinunue.
4. Watoto wafundishwe kutookota chuma uani mwa mtu bila ruhusa.
5. Tukiona transfoma inachezewa usiku, tuwaite polisi na jirani. Lakini mwizi akishikwa, asipigwe wala kuchomwa. Hiyo ni dhambi ya pili, nzito kuliko ya kwanza.

Kwa maana mlango wa toba haujafungwa. Zakayo hakuambiwa aende zake. Yesu aliingia nyumbani mwake, naye akaahidi kurudisha mara nne. Paulo naye humtaka aliyeiba afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Je, kijana aliyeacha wizi atapata kazi kwetu, au tutamfukuza tena barabarani?

Maswali ya mazungumzo:
(a) Je, nyumbani kwangu kuna kitu nilichonunua huku nikishuku kilikotoka? Nifanye nini nacho sasa?
(b) Mwuza vyuma chakavu aliye Mkristo amsaidieje mwokotaji maskini bila kumpokea mwizi?
(c) Someni Isaya 2:4. Chuma kinachofuliwa upya hapo kinatufundisha nini juu ya kazi hii ikifanywa kwa haki?

Bwana atupe mikono safi. Amina.