Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake: Utendakazi wa Dawa katika Mwili wa Binadamu na wa Mbwa

Utangulizi

Katika Kiswahili, aghalabu dawa huitwa kwa jina la maradhi inayoyatibu. Husemwa dawa ya kichwa, dawa ya minyoo, dawa ya maumivu. Kihusishi cha a-unganifu katika virai hivi huifunga dawa kwenye ugonjwa, na mwili unaoipokea hautajwi kabisa. Maadamu anayetibiwa ni binadamu, matumizi haya hayana tatizo kubwa. Tatizo huzuka pale mwenye mbwa anayechechemea anapokata kauli kwamba maumivu ni maumivu, na kwamba kidonge kilichomo nyumbani kitamfaa mnyama pia, mradi kikatwe nusu kwa kuwa mbwa ni mdogo. Makala haya yananuia kubainisha ni kwa nini hoja hiyo haina mashiko, na ni kwa nini inaweza kumuua mbwa.

Safari ya Dawa Mwilini

Dawa iliyomezwa hupitia hatua nne. Hufyonzwa kutoka tumboni na kwenye utumbo, husambazwa na damu, hugeuzwa na vimeng'enya, hasa vile vya ini, kisha hutolewa kupitia mkojo au nyongo. Viungo hivi vyote mbwa anavyo kama alivyo navyo binadamu. Ndiyo sababu mwaka wa 1921, mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliweza kuonyesha kwa kutumia mbwa kwamba dutu inayotoka kwenye kongosho hupunguza sukari damuni. Mwaka wa 1922 binadamu wakaanza kutibiwa kwa insulini. Hata hivyo, viungo vinaweza kulingana ilhali vimeng'enya vilivyomo havilingani. Hapo ndipo njia za viumbe hawa wawili zinapoachana.

Kimeng'enya Kinachokosekana

Tuchukue mfano wa parasetamoli. Dawa hii inapovunjwavunjwa mwilini, sehemu yake hugeuka kuwa dutu inayoharibu hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni. Binadamu ana vimeng'enya vinavyoweza kuirudisha dutu hiyo katika hali yake ya awali kabla haijaleta madhara. Mbwa hana jeni za vimeng'enya hivyo. Kwa hivyo, anapopewa kiasi kikubwa, damu yake hugeuka rangi ya kahawia, ufizi hupoteza wekundu wake, naye hutweta kwa kukosa oksijeni ijapokuwa mapafu yake ni mazima. Aidha, ini lake huweza kuharibika. Daktari wa wanyama huweza kuagiza dawa hii kwa mbwa, lakini kwa kipimo na uangalizi maalumu. Paka naye hapaswi kupewa kamwe, kwani uwezo wake wa kuiondoa ni duni zaidi.

Dawa Inayokawia Kutoka

Tofauti ya pili inahusu muda. Wanasayansi hupima muda ambao kiasi cha dawa kilichomo damuni huchukua kupungua hadi nusu. Kwa naprokseni, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, muda huo kwa binadamu ni kati ya saa 12 na 17. Kwa mbwa, umepimwa na kufikia takriban saa 74. Sababu mojawapo ni kwamba dawa inayotolewa na ini la mbwa kupitia nyongo hufyonzwa tena kwenye utumbo na kurudi damuni.

Tufanye hesabu. Tukichukua muda wa saa 14 kwa binadamu, baada ya siku tatu atabakiwa na takriban asilimia 3 ya dawa hiyo. Mbwa bado atakuwa na nusu nzima. Akipewa kidonge kingine kila siku, dawa hurundikana. Dawa za kundi hili, ikiwemo ibuprofeni, huzuia kemikali zinazochochea maumivu; lakini kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kudumisha mtiririko wa damu kwenye figo. Matokeo yake ni vidonda vya tumbo, kutapika damu na figo kushindwa kufanya kazi. Kukata kidonge nusu hakuondoi tatizo la ukawiaji.

Si Mara Zote Mbwa Huhitaji Kidogo

Isidhaniwe kwamba mwili wa mbwa ni dhaifu kwa kila dawa. Levothiroksini, dawa ya upungufu wa homoni ya tezi ya thiroidi, hukaa katika damu ya binadamu kwa muda mrefu, ikichukua takriban siku saba kupungua hadi nusu. Kwa mbwa muda huo haufiki siku moja. Kwa sababu hiyo, mbwa huhitaji kipimo cha siku kinachozidi kile cha binadamu zaidi ya mara kumi kwa kila kilo ya uzani. Hapa anayekata kidonge nusu atakosea upande wa pili: mgonjwa wake hatapata nafuu. Hivyo basi, uzani pekee hauwezi kuwa kigezo cha kutafsiri kipimo cha mwanadamu kuwa cha mnyama.

Mbwa na Mbwa Hutofautiana

Fauka ya hayo, mbwa wenyewe hawako sawa. Ivamektini imewanusuru mamilioni ya watu dhidi ya upofu unaoletwa na usubi, na mwaka wa 2015 William Campbell na Satoshi Ōmura walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa mchango wao katika kuigundua. Mbwa wengi huistahimili. Hata hivyo, baadhi ya mbwa wa aina ya Collie hulemewa na kipimo ambacho wenzao hukivumilia: hutetemeka, huzimia na hata kufa. Mwaka wa 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, walieleza chanzo chake, yaani kasoro katika jeni moja. Jeni hiyo huunda protini inayofanya kazi kama bawabu, ikiifukuza dawa isiingie ubongoni. Bawabu akikosekana, mlango hubaki wazi.

Hitimisho

Mifano hii inadhihirisha kwamba dawa haina sifa ya kuponya au kudhuru ikiwa peke yake. Sifa hiyo huzaliwa inapokutana na mwili mahususi. Kwa mwenye mbwa, funzo ni bayana. Asimpe mnyama dawa ya binadamu bila agizo la daktari wa wanyama. Mbwa akiwa ameimeza kwa bahati mbaya, apelekwe kwa daktari mara moja pamoja na pakiti ya dawa, bila kungojea dalili na bila kumtapisha pasi na ushauri.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, upo wajibu wa ziada. Kitenzi tibu hukubali shamirisho mbili: tunatibu ugonjwa, na tunamtibu mgonjwa. Tunapotafsiri vibandiko na maelezo ya dawa, tusiitaje shamirisho ya kwanza na kuiacha ya pili. Msomaji aliyeelezwa kwamba hii ni dawa ya maumivu hajaelezwa yote; anastahili kuelezwa pia ni ya maumivu ya nani.