Kwa Nini Fimbo Hupasuka?

Fundi huokota tawi bichi la mpingo lililoangushwa na upepo, akalichonga siku hiyo hiyo likawa fimbo yenye nakshi. Baada ya majuma machache, fimbo hupasuka kwa urefu wake. Wengi hulaumu patasi, mkono wa fundi, au mti wenyewe. Aghalabu sababu ni maji.

Mti mbichi una maji ya namna mbili: yale yaliyomo katika uwazi wa seli, na yale yaliyoshikwa ndani ya kuta za seli. Tawi likaukapo, maji ya uwazini hutangulia kutoka. Uzito hupungua, lakini umbo halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, maji ya kutani nayo huanza kutoka. Hapo ndipo mti husinyaa.

Kusinyaa huko si sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi, mti wa kawaida hupungua chini ya asilimia 1. Kutoka kiini kuelekea gome hupungua zaidi. Na kwa kuuzunguka mti, hupungua takriban mara mbili ya hapo. Kwa hiyo mzingo hutaka kufupika kupita kipenyo kinavyoruhusu. Mvutano ukizidi nguvu ya nyuzi, ufa hufunguka kuelekea kiini. Hatari huongezeka juani, kwa kuwa sehemu ya nje hukauka na kusinyaa ilhali ya ndani ingali mbichi. Ncha nazo hukauka upesi kuliko ubavu, maana maji hupita kwa wepesi kufuata nyuzi.

Kutokana na hayo, fundi mwangalifu huzipaka ncha nta au rangi, huliacha tawi kivulini penye hewa, na hungoja. Gogo nene hulipasua kwanza katika robo, ili kiini kisibaki katikati ya fimbo. Tena huchagua kipande ambacho nyuzi zake hufuata urefu wote, kwa sababu nyuzi zikikata fimbo mshazari, huweza kuvunjika mzee aiegemeapo.

Subira hii ina thamani kubwa kwa mpingo. Mti huu mzito, ambao ukavu wake hauuzuii kuzama majini, huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Tangu mwaka 2017, biashara yake ya kimataifa imo chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Kipande kilichoharibiwa kwa haraka hakirudishwi na msimu mmoja wa mvua.

Jaribio

Kata vipande viwili vilivyo sawa kutoka tawi moja bichi la mti wowote. Kimoja kipake nta katika ncha zote mbili. Cha pili kiache. Vipime uzito kila juma, na kuandika nyufa zinazoonekana, mpaka uzito usibadilike. Hatimaye vikaushe katika joko lenye joto la nyuzi 103 za Sentigredi mpaka uzito usipungue tena. Kipande chenye gramu 65 kikibaki na gramu 50, maji yaliyotoka ni gramu 15; unyevu wake ulikuwa 15 ÷ 50 × 100, yaani asilimia 30.

Maswali

1. Kwa nini uzito hupungua kabla ya nyufa kuonekana?
2. Kwa nini nyufa nyingi huanzia nchani?