Una Wavu? Kuchagua Neno la Kiswahili Unapotafsiri Dodoso

Msimu wa utafiti ndo huu. Wiki chache zijazo wanafunzi wa mwaka wa tatu watatawanyika kando ya ziwa: Igombe, Kayenze, Kirumba, na wengine watavuka kwenda Sengerema na Ukerewe. Pendekezo la utafiti limeandikwa kwa Kiingereza, msimamizi amelipitia kwa Kiingereza, na dodoso lenyewe limezaliwa kwa Kiingereza. Ila mama anayeanika dagaa pale Igombe ataulizwa kwa Kiswahili. Kati ya Kiingereza cha msimamizi na Kiswahili cha mama huyo, mara nyingi upo usiku mmoja tu wa kutafsiri, ukiwa na simu au kamusi ya kuazima, maana asubuhi lazima dodoso liwe steshenari likatolewe kopi.

Usiku huo ndio ninaotaka tuuzungumzie. Nimepitia madodoso mengi ya wenzangu kabla hayajatoka, na tatizo ninalolikuta mara kwa mara si sarufi. Ni neno moja la Kiingereza lenye maana kadhaa, na mtafsiri kachukua ile ya kwanza aliyoiona. Swali linasomeka vizuri, mtu analijibu, jibu linaingia kwenye kompyuta, na hakuna anayegundua kwamba aliyeuliza na aliyejibu walikuwa wanazungumzia vitu viwili.

Kwanza tukubaliane kwamba jambo hili si upungufu wa Kiswahili. Kila lugha inagawa dunia kwa namna yake. Mwingereza kwa kawaida anatumia neno moja tu, "rice". Sisi tukiwa shambani kule Magu au Kwimba tunasema mpunga, ukishakobolewa ni mchele, ukishapikwa ni wali. Hakuna Mtanzania anayekwenda dukani kununua kilo mbili za wali. Waspania nao wana mambo yao: samaki aliye hai majini ni "pez", akishavuliwa kwa ajili ya kuliwa anakuwa "pescado". Mwingereza anasema "fish" kwa wote wawili, nasi tunasema samaki. Kwa hiyo Mwingereza akijifunza Kihispania hana budi kujiuliza kila mara: samaki huyu yuko wapi, na kafanywa nini? Hilo ndilo swali ambalo na sisi tunatakiwa kujiuliza. Usiulize "neno hili kwa Kiswahili ni nani?" Uliza kitu hicho kinafanya kazi gani katika sentensi hii, kiko mikononi mwa nani, na kiko wapi. Tuone mifano minne kutoka hapahapa ziwani.

Mfano wa kwanza: "net"

Swali la Kiingereza ni fupi: "Do you own a net?" Katika dodoso la malaria, hicho ni chandarua. Katika dodoso la uvuvi, ni wavu. Uwanja wa mpira nao una wavu wake golini, na kwenye mfuko wa unga "net weight" ni uzito halisi, haihusiani na kamba wala uzi.

Tatizo linakuja pale unapochukua "wavu" na kulipeleka kwenye dodoso la afya, ukamuuliza mvuvi, "Je, una wavu?" Huyo mtu anafahamu kwamba kuna nyavu zilizopigwa marufuku: makokoro, timba, na zile zenye macho madogo. Anakuona mgeni, umeshika karatasi na kalamu. Lazima ajiulize kama umetumwa na maofisa uvuvi. Anaweza kukujibu "sina" huku nyumbani vitanda vyote vina vyandarua. Wewe unaandika kwamba kaya haina kinga ya mbu.

Sasa ongeza neno moja: "treated net". Ukifuata kamusi neno kwa neno utapata "chandarua kilichotibiwa", kana kwamba kiliugua. Watu wanasema chandarua chenye dawa. Neno hilohilo "treated" likiwa na mgonjwa ni aliyetibiwa, na likiwa na mbao ni zilizotiwa dawa. Mtaani utasikia pia "neti", na ukimsoma muulizwaji kwamba ndilo neno lake, litumie kwa mdomo. Kwenye karatasi andika chandarua, wingi vyandarua.

Mfano wa pili: "beach"

Nchi zetu tatu zinazolizunguka ziwa hili zina vikundi vya wavuvi vinavyoitwa kwa Kiingereza "Beach Management Units", na wengi wetu tunavijua kwa kifupi chake tu, BMU. Mtafsiri mwenye haraka anaandika "Kitengo cha Usimamizi wa Ufukwe". Msomaji wa Mwanza akisoma hivyo anafikiria watu wanaofagia mchanga na kupanga viti vya wageni.

"Beach" ya hapo ni mwalo, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga, samaki wanaposhushwa, wanapopimwa na kuuzwa. Ndiyo maana soko la Kirumba watu wanaliita Mwaloni. Ukiwa Zanzibar au pwani ya bara, mahali kama hapo wanapaita diko. Ufukwe ni ukingo wenyewe wa maji, wenye mchanga. Pwani ni ukanda wa bahari, kwa hiyo Mwanza haina pwani, hata kama ina maji mengi. Na "bichi" ya vijana ni kule kwa kwenda Jumapili kuogelea na kula samaki wa kukaanga. Maneno matano, na kwa Mwingereza yote yanaweza kuwa "beach".

Angalia jinsi waliotafsiri BMU kwa utulivu walivyofanya. Wanaandika vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Neno "ufukwe" halimo kabisa. Wameangalia kikundi kinafanya nini, wakakiita kwa kazi yake. Vivyo hivyo "beach seine" kwa wavuvi wetu ni kokoro, basi. Ukiandika "wavu wa ufukweni" utaeleweka na mhadhiri peke yake.

Mfano wa tatu: "contact"

Huu ni wa wenzetu wa Bugando na wote wanaofanya tafiti za kichocho. Vimelea vya kichocho vinatoka kwa konokono wa majini na kuingia mwilini kupitia ngozi, kwa hiyo karibu kila dodoso linauliza kuhusu "contact with lake water". Kamusi ya simu inakupa mawasiliano. Swali linakuwa: "Je, una mawasiliano na maji ya ziwa?" Mzee wa watu atakutazama, na kwa adabu atasema hapana.

Mawasiliano ni ya barua na simu. Hapa tunauliza kuhusu kugusa na kuingia, na hata hilo peke yake halitoshi, kwa sababu mtu anayeteka maji kila siku haoni kama "anaingia ziwani". Afadhali uvunje neno katika shughuli: "Katika wiki iliyopita, umeoga ziwani? Umefua? Umechota maji? Umevua samaki? Umevuka kwa miguu kwenye maji?" Neno moja la Kiingereza limezaa maswali matano ya Kiswahili, na hakuna ubaya wowote. Dodoso halipimwi kwa ufupi wake.

Neno hilohilo likihamia kwenye ugonjwa wa kuambukiza linageuka kuwa mtu. Machi 2023, jirani zetu wa Kagera walipopata mlipuko wa Marburg, kazi kubwa ilikuwa kuwafuatilia "contacts", yaani watu waliokutana na mgonjwa, waliomhudumia, waliomgusa. Hapo ukimwomba mtu "taja mawasiliano ya marehemu", atakupa namba ya simu. Wewe unatafuta watu walio hatarini, yeye anakupa tarakimu kumi.

Mfano wa nne: "you"

Neno hili nimeliacha mwisho kwa sababu hakuna anayelitafuta kwenye kamusi. "How many nets do you have?" Ni wewe au ni ninyi? Kiingereza hakisemi. Kihispania kingekulazimisha kuchagua, tena kingekuuliza hata kiasi cha heshima. Kiswahili nacho kinakulazimisha: una nyavu ngapi, au mna nyavu ngapi?

Kwenye mtumbwi kuna mmiliki, ambaye vijana wengi wanamwita tajiri, na kuna wavuvi wanaoingia ziwani. Ukimuuliza kila mmoja "mna nyavu ngapi?", wavuvi wanne wa mtumbwi mmoja watakutajia nyavu zilezile, kila mtu mara moja, na ripoti yako itakuwa na nyavu mara nne ya zilizopo. Ukiuliza "una", wote wanne watasema hawana, kwa sababu ni za tajiri. Hakuna aliyedanganya. Kabla ya kuchagua kiambishi, amua unahesabu nini: mali ya mtu, ya kaya, au ya chombo. Halafu sema hivyo waziwazi: "Mtumbwi huu unatumia nyavu ngapi, na ni za nani?"

Sasa tufanyeje?

Njia yenyewe haihitaji ufundi mkubwa, inahitaji siku tatu badala ya usiku mmoja.

Kwanza, usitafsiri neno, tafsiri swali. Andika pembeni, kwa maneno yako, unataka kujua nini. Mara nyingi sentensi hiyo ya pembeni ndiyo swali zuri kuliko tafsiri yenyewe.

Pili, ukifungua kamusi, soma maelezo mpaka mwisho. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, inapanga maana kwa namba, na inaonyesha kama neno ni nomino, kitenzi au kivumishi. Wengi tunaishia namba moja. Halafu neno ulilolichagua lipeleke kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu uone linaelezwaje kwa Kiswahili. Kama maelezo hayafanani na kitu ulichonacho kichwani, rudi nyuma.

Tatu, mpe mwenzako ambaye hajaliona dodoso la Kiingereza, airudishe tafsiri yako kwa Kiingereza. Ikirudi "communication with the lake", umeokoka kabla ya kutoa kopi.

Nne, nenda mwaloni na nakala tano tu, uwaulize watu ambao hawatakuwa kwenye sampuli yako. Usiwaulize "mmeelewa?" maana kwa heshima watasema ndiyo. Uliza: "Mama, hapa nimekuuliza nini?" Halafu nyamaza usikilize. Kama mama anasema kwa neno lake, liandike.

Na kumbuka safari ya kurudi, majibu yanapogeuzwa kuwa Kiingereza cha ripoti. Mvuvi akisema "tunaingia saa 12", ni jioni jua linapozama, kwa Kiingereza ni saa sita ya hesabu yao, siyo kumi na mbili. Wa dagaa akisema "mwezi ukiwaka tunapumzika", anazungumzia mwezi wa angani, kwa kuwa dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Na "dagaa" wenyewe usiwaandike "sardines" bila kufikiri: wale wa Kigoma kweli ni wa jamii ya sadini, lakini wa ziwa letu ni wa jamii nyingine kabisa.

Jipime

Funika majibu. Neno "time" utalisemaje katika sentensi hizi?

1. What time do you leave the shore?
2. How many times a week do you fetch water?
3. How much time do you spend at the market?
4. I don't have time for your questions.
5. In the time of heavy rain, where do you dry the fish?

Majibu: 1. Saa: "Mnaondoka mwaloni saa ngapi?" 2. Mara: "Kwa wiki unachota maji mara ngapi?" 3. Muda: "Unakaa sokoni kwa muda gani?" 4. Nafasi: "Sina nafasi ya maswali yako." 5. Wakati: "Wakati wa mvua kubwa mnaanika wapi samaki?"

Ukipata yote matano, uko tayari kwenda kuuliza. Ukisikia jibu la namba nne kutoka kwa mtu halisi pale mwaloni, msalimie, mshukuru, umsubiri amalize kushusha samaki. Atakuwa na nafasi baadaye, na huenda akakuuliza yeye kwanza: "Haya mwanangu, unataka kujua nini hasa?" Hakikisha una jibu la Kiswahili.