Tiba ya Sindano ya Kichina na Namna ya Kuipima

Mnamo Julai 1971 James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times, alishikwa na maumivu makali ya tumbo akiwa ziarani Beijing. Madaktari wa Kichina walimpasua na kukitoa kidole tumbo chake, wakitumia dawa ya ganzi ya kawaida. Baada ya upasuaji tumbo lilimsumbua kwa kujaa hewa, na kwa idhini yake tabibu alimchoma sindano tatu nyembamba, kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti. Alipata nafuu. Makala yake yalisomwa sana Marekani, na haukupita muda hadithi ikageuka: watu wakasimulia kwamba alipasuliwa kwa sindano tu, bila ganzi. Sivyo alivyoandika.

Misingi ya tiba hii imo katika Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita. Kwa mujibu wa mafundisho hayo, mwilini hupita nguvu iitwayo qi, katika njia kuu 12. Nguvu hiyo ikizuiliwa, au yin na yang zikikosa mizani, mtu huugua. Sindano hurudisha mwendo wake. Tiba hii ina ndugu zake: kuunguza karibu na ngozi majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, na kuumika, jambo ambalo wazee wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa na Mchina.

Wapasuaji wa maiti hawajaziona njia za qi. Lakini mwanafunzi asikimbilie kusema kwamba basi sindano haifanyi kitu. Maelezo ya tiba yaweza kuwa na makosa na tiba yenyewe ikafaa. Haya ni maswali mawili, na kila moja lina jaribio lake.

Ugumu wa jaribio hili ni huu: kidonge kisicho na dawa ni rahisi kutengeneza, ila mtu aliyechomwa sindano hujua kuwa amechomwa. Mwaka 1998 watafiti wa Ujerumani walieleza sindano butu inayoteleza ndani ya mpini wake, mfano wa jambia la mchezo wa kuigiza; mgonjwa huhisi mchomo, kumbe ngozi haikutobolewa. Wengine huchoma juu juu tu, mahali pasipotajwa na mafundisho ya Kichina. Njia hii ya pili ndiyo iliyotumiwa katika jaribio kubwa la Ujerumani lililotangazwa mwaka 2007, lenye wagonjwa 1,162 wa maumivu ya kiuno. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu miongoni mwa waliochomwa kwa kufuata mafundisho walikuwa asilimia 47.6, waliochomwa ovyo, asilimia 44.2, waliopewa dawa na mazoezi ya viungo, asilimia 27.4.

Tofauti kati ya makundi mawili ya kwanza ni ndogo mno, yaweza kuwa bahati tu. Kwa hiyo mahali pa kuchoma hapakuwa na uzito mkubwa. Hata hivyo makundi yote mawili yalilishinda la tatu. Yamkini ni matumaini ya mgonjwa, au mchomo wenyewe: mwaka 1977 watafiti wa Marekani walieleza kwamba naloksoni, dawa inayozuia kazi ya vituliza maumivu vya mwili wenyewe, ilipunguza nafuu iliyoletwa na sindano. Ikumbukwe pia kwamba kundi la tatu lilijua halikuchomwa, na mtu aliyekosa alichokitarajia huweza kuhisi maumivu yake zaidi.

Matokeo hayo ni ya maumivu ya kiuno. Hayampi mtu ruhusa ya kumtibu mtoto mwenye malaria kwa sindano hizo, wala mgonjwa wa kifua kikuu kuacha vidonge vyake. Isitoshe, sindano isiyotakaswa huweza kupitisha virusi vya homa ya ini, na ikichomwa kwa kina kifuani huweza kutoboa pafu.

Zoezi la darasani: Wanafunzi wapange jaribio la kupima kama kuumika huondoa maumivu ya bega. Waeleze makundi yatakuwa mangapi, nani atajua nini, na kuumika kwa uongo kutafanywaje bila mgonjwa kugundua. Swali la mwisho ndilo litakalowachukua muda.