Kufundisha Utafutaji wa Kosa: Simu Iliyoshika Wi-Fi Lakini Haina Intaneti

Miongoni mwa mambo yanayomkabili mwalimu wa shule ya msingi siku hizi ni kwamba vifaa vya mawasiliano vimefika shuleni kabla ya mafundisho juu ya vifaa hivyo. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu nchini Tanzania. Walimu wengi, pamoja na hayo, wana simu janja zao wenyewe, na shule kadhaa zina ruta ndogo ya laini kabatini. Vyote vinapofanya kazi hapana anayeuliza. Lakini siku simu inapoonyesha alama ya Wi-Fi, na chini yake maneno kwamba imeunganishwa ila hakuna intaneti, hubainika kuwa walimu na wanafunzi hawana njia ya kulifikiria tatizo hilo. Mmoja huzima simu na kuiwasha, wa pili hubadili nywila, wa tatu hushauri ipelekwe kwa fundi mjini. Ikitokea ikapona, hapana ajuaye ilichoponea.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kuligeuza tatizo hilo kuwa somo. Shabaha si kuwafanya watoto wa darasa la sita mafundi simu. Shabaha ni kuwazoeza kutafuta kosa kwa utaratibu: kuigawa njia katika vipande, kuuliza swali moja kwa kila kipande, na kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Watu wengi hutumia maneno Wi-Fi na intaneti kana kwamba ni kitu kimoja. Hapa ndipo makosa mengi huanzia, na mwalimu asiyetenganisha mambo hayo mawili hawezi kulifundisha somo hili. Wi-Fi ni mawasiliano ya redio kati ya simu na ruta, ambayo kwa kawaida hufika umbali wa makumi ya meta tu na hupungua kila yanapopita ukutani. Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997, na jina lenyewe likaanza kutumika mwaka 1999. Intaneti huanzia upande wa pili wa ruta. Kwa hiyo alama ya Wi-Fi juu ya kioo cha simu hueleza habari ya kipande cha kwanza cha safari, basi. Simu inaposema imeunganishwa lakini haina intaneti haijipingi hata kidogo. Inasema imemfikia mlinzi wa lango, lakini barabara iliyo nyuma ya lango haipitiki.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: simu yenyewe imejuaje? Hili ni swali zuri, na jibu lake lafaa kufundishwa kwa utulivu. Kila mara simu inapojiunga na Wi-Fi hufanya jaribio. Simu za Android kwa kawaida hupeleka ombi dogo kwenye kompyuta za Google na kutazamia jibu tupu lenye namba 204. Simu za iPhone hufanya kama hivyo kwa kompyuta za Apple, zikitazamia neno moja tu. Jibu lisipokuja, simu huandika kwamba hakuna intaneti. Likija jibu jingine lisilotazamiwa, simu hutambua kwamba kuna mtu aliyesimama katikati, kama ilivyo katika hoteli na viwanja vya ndege ambako ukurasa wa kujiandikisha hutangulia mbele ya kurasa nyingine zote. Basi mwonyeshe mwanafunzi kwamba kifaa hiki hakikubahatisha. Kiliuliza, kikangoja jibu, kikatoa hukumu.

Safari nzima ina vituo vichache. Simu huongea na ruta, na ruta huipa simu anwani ya tarakimu nne zilizotengwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.23. Ruta huongea na kampuni inayotoa huduma, ama kwa laini, ama kwa waya, ama kwa mkongo. Kisha kuna kitabu cha majina, ambacho mafundi hukiita DNS. Mpango wake ulibuniwa mwaka 1983, na kazi yake ni kugeuza jina ambalo binadamu hulikumbuka kuwa tarakimu ambazo kompyuta huzifuata. Baada ya hapo kuna mikongo mirefu ya nchi kavu na ya baharini, na mwishoni kompyuta ya mbali iliyo na ukurasa unaotakiwa.

Kosa laweza kuwa katika kituo chochote. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mawasiliano ya Tanzania, Kenya na nchi jirani yakadhoofika vibaya. Siku ile ruta za majumbani na maofisini zilikuwa nzima, na Wi-Fi ilishika kama kawaida. Mtu aliyeifuta simu yake yote siku hiyo akidhani ni mbovu alipoteza picha na kumbukumbu zake bure, kwa ajili ya mkongo uliokatika maelfu ya kilometa kutoka alipoketi.

Mchezo wa vituo

Wapo wakufunzi wapendao kufananisha intaneti na maji ya bomba: tangi, mabomba, koki. Mfano huo watoto huuelewa upesi, lakini una upungufu mmoja mkubwa. Maji huja tu, ilhali katika intaneti lazima ombi liende ndipo jibu lirudi. Kwa sababu hiyo mimi napendelea mchezo wa wajumbe, na hauhitaji zana yoyote zaidi ya vipande vya karatasi. Unafaa hata darasa la wanafunzi 70 lisilo na simu wala umeme.

Wachague wanafunzi sita: Simu, Ruta, Kampuni, Kitabu cha Majina, Mkongo na Kompyuta ya Mbali. Simu na Ruta wasimame ndani ya darasa mbele ya wenzao. Wengine wanne wasimame nje, nyuma ya ukuta, wasionekane. Mpango huu una sababu yake: mtumiaji wa simu huona ncha ya karibu tu, na yaliyo mbele hana budi kuyajua kwa kuuliza.

Mzunguko wa kwanza uende bila kosa. Simu aandike jina la ukurasa anaoutaka, ampe Ruta, Ruta ampelekee Kampuni nje, Kampuni amwulize Kitabu cha Majina, na tarakimu zirudi kwa njia ile ile mpaka mkononi mwa Simu. Ndipo Simu atume karatasi ya pili yenye tarakimu, ipite kwa Mkongo, ifike kwa Kompyuta ya Mbali, na jibu lirudi. Usiuharakishe mzunguko huu. Watoto hushangaa wanapoona kwamba ukurasa mmoja umehitaji safari mbili.

Katika mzunguko wa pili toka nje, umnong'oneze mmoja wao azishike karatasi zote zinazomfikia asizipeleke mbele. Simu atangoja, na jibu halitakuja. Sasa liulize darasa: kosa liko wapi? Hapa mwalimu mgeni wa kazi hukosa subira na kutoa jibu. Zuia ulimi. Mazungumzo mara nyingi huenda hivi:

"Mwalimu, simu imeharibika."

"Umejuaje?"

"Haileti ukurasa."

"Je, kama Ruta amelala, simu nzima ingeleta ukurasa?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi tumwulize nani kwanza?"

Ruhusu darasa lipeleke swali moja moja kwa kituo kimoja kimoja: "Karatasi imekufikia?" Hesabu ya maswali iandikwe ubaoni. Watakaoanza kwa Simu na kwenda hatua kwa hatua wataweza kutumia maswali matano. Rudia kosa jingine, kisha uwaulize kama wanaweza kulipata kwa maswali machache zaidi. Mara nyingi atatokea mtoto atakayependekeza kuanza katikati, kwa Kampuni: kama karatasi imefika kwa Kampuni, wote walio nyuma yake ni wazima, na nusu ya kazi imekwisha kwa swali moja. Asipotokea, mwongoze kwa swali, usimpe kanuni.

Hata hivyo, usiifanye kanuni ya kuanza katikati kuwa amri. Katika maisha swali la kwanza huwa lile lililo rahisi kuulizwa. Kwa ruta ya laini, swali hilo ni salio la kifurushi. Kifurushi kikiisha, ruta huendelea kurusha Wi-Fi kama kawaida, alama hubaki imejaa, na intaneti haipo. Kabla mtu hajagusa mpangilio wowote wa simu, aangalie salio.

Kutoka kwenye mchezo hadi kwenye simu

Kipindi cha pili kifanyike kwa simu moja au mbili halisi, mwalimu akishika na wanafunzi wakiamuru. Mwalimu mwenyewe atie kosa kabla ya kipindi, na aliandike kwenye karatasi iliyokunjwa. Makosa yanayofaa ni kuchomoa waya unaoleta huduma kwenye ruta huku umeme ukiwaka, au kurudisha tarehe ya simu nyuma miaka 10. Hili la tarehe huwastaajabisha wengi. Kurasa nyingi siku hizi hujithibitisha kwa hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Simu inayoamini kwamba bado ni mwaka wa zamani huzikataa hati hizo, na kurasa hazifunguki ingawa njia yote ni nzima.

Kabla ya jaribio lolote, zima data ya laini ndani ya simu yenyewe. Jambo hili ni dogo lakini huharibu majaribio mengi. Simu nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia kimya kimya kwenye laini. Ukurasa unafunguka, darasa linashangilia kwamba Wi-Fi imepona, kumbe ni kifurushi cha mwalimu kinachoteketea.

Swali lenye thamani kuliko yote ni hili: je, simu nyingine kwenye Wi-Fi hiyo hiyo inapata intaneti? Likijibiwa ndiyo, acha ruta na kampuni, ugeukie simu ya kwanza. Likijibiwa hapana, acha simu, uende kwenye ruta, utazame taa zake. Kwa huduma ya mkongo, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga wa mkongo haufiki, na hapo hakuna la kufanya ila kuwaarifu wenye huduma.

Kosa likiwa ndani ya simu, wanafunzi waongozwe kwa mfuatano wa kutoka jambo jepesi hadi zito. Kuwasha hali ya ndegeni na kuizima. Kutazama tarehe na saa. Kuzima VPN kama ipo. Kufungua kivinjari, maana huenda ukurasa wa kujiandikisha unangoja. Kuiamuru simu isahau Wi-Fi hiyo, kisha kuiunganisha upya kwa nywila, ili iombe anwani mpya. Katika simu za Android za tangu toleo la 9 la mwaka 2018 kuna pia mpangilio wa DNS binafsi. Kama mtu aliwahi kuandika humo jina la kitabu cha majina kisichopatikana tena, simu itakosa intaneti kwenye Wi-Fi yoyote, na dawa yake ni kuurudisha kwenye otomatiki. Tena zipo ruta ndogo zinazokubali simu 10 tu. Ya kumi na moja haipati nafasi, hata ikiwa nzima kabisa.

Baada ya kila badiliko, jaribio lifanywe na matokeo yaandikwe kabla ya badiliko linalofuata. Mwanafunzi anayezima VPN na kurekebisha tarehe kwa pamoja hatajua lipi lilikuwa kosa, na wiki ijayo ataanza upya.

Kuhusu kuifuta simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani, mwanachuo aelewe uzito wake. Hata kufuta mipangilio ya mtandao peke yake hupoteza nywila zote za Wi-Fi zilizohifadhiwa. Kuifuta simu nzima hupoteza picha, na katika shule zetu picha hizo mara nyingi ni orodha za alama, mahudhurio na barua za wazazi. Hatua hiyo isichukuliwe darasani kamwe.

Upimaji

Usitoe alama kwa kupata kosa tu, kwa kuwa anayebahatisha naye hupata mara moja moja. Mpe mwanafunzi habari fupi, mathalani: "Simu ya Asha na simu ya Juma zimeshika Wi-Fi ya shule. Ya Asha inafungua kurasa, ya Juma haifungui." Mwulize vituo gani vimekwisha kuthibitika kuwa vizima, na swali gani aulize sasa. Atakayeandika kwamba ruta, kampuni na mkongo havina kosa apewe alama kamili ya sehemu hiyo, hata kama hajui tiba ya simu ya Juma. Atakayeandika "azime simu na kuiwasha" bila kueleza anachotazamia kuona, arudishiwe daftari aandike swali lake. Kwa wasio na simu nyumbani, zoezi lile lile lifanywe kwa redio isiyotoa sauti au tochi isiyowaka, nao waorodheshe vituo kutoka betri hadi balbu kabla ya kugusa chochote.