Umeandikwa na Kampani Ndogo: Nani Anachunga Usalama Wako?



Simama kwenye mlango wa mgodi asubuhi, uhesabu majina yaliyoandikwa mgongoni mwa makoti. Hawa wanatoboa mawe, wale wanaendesha malori, wengine wanatengeneza mikanda ya kubeba mawe. Mgodi una mwenyewe mmoja, lakini wanaolipa mishahara ni wengi.

Siku moja walituletea kijana aliyesagwa vidole na mkanda. Nilipouliza anatumikia nani, alitaja kampani ndogo. Kampani ile ikasema: ajali imetokea kwa mwenye mgodi. Shefu wa mgodi akasema: huyu si mtu wetu. Sisi tulitunza vidole kwanza. Karatasi ya ajali iliandikwa siku ya tatu, na siku hiyo hakuna tena aliyekumbuka vizuri nani aliwasha mkanda.

Majibu yote mawili hayakuwa ya kweli. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwenye kuandika mtu kazini achunge afya na usalama wake na amtunze akiwa mgonjwa. Basi kampani ndogo inapashwa kukuandikisha CNSS na kutangaza ajali yako huko. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inaruhusu kampani kubwa kuwapa wengine sehemu ya kazi zake. Kutoa kazi si kutoa hatari. Shirika la Kazi la Kimataifa, katika Mkataba namba 176 wa mwaka 1995 juu ya migodi, kifungu cha 12, linaeleza wazi: waajiri wawili au zaidi wakitumika katika mgodi mmoja, mwenye kuuongoza mgodi anapatanisha mipango yote ya usalama, naye ndiye wa kwanza kuulizwa. Lakini kila mwajiri anabaki na mzigo wake kwa watu wake. Mmoja hawezi kujificha nyuma ya mwingine.

Kupatanisha maana yake nini? Tuchukue mkanda ule ule. Kabla ya kuugusa, umeme unakatwa, na kila fundi anafunga kufuli yake mwenyewe, ufunguo unakaa mfukoni mwake. Mafundi sita, kufuli sita, hata wakiwa wa kampani tatu. Wewe wa kampani kubwa, usiseme kufuli ya mgeni si kazi yako. Usiivunje, usiwashe mashini mpaka mwenyewe aje kuitoa. Vilevile saa ya kulipua mawe: tangazo linapashwa kumfikia hata mfagiaji aliyeingia jana.

Jambo linalonisumbua zaidi ni vumbi. Vidole vikisagwa, kila mtu anaona damu. Vumbi la silika linaingia kwenye mapafu polepole, na mara nyingi kikohozi na kukosa pumzi vinaonekana baada ya miaka kumi au zaidi. Wakati huo mkataba wa kampani ndogo umekwisha zamani, pengine hata ofisi yake haipo tena. Utaonyesha nini kwamba ulitoboa mawe hapa?

Kwa hiyo omba uchunguzi wa munganga kabla ya kuanza kazi, pamoja na picha ya kifua, na tena kazi ikiendelea. Chunga nyumbani nakala ya mkataba, namba yako ya CNSS na majibu ya uchunguzi; mke wako ajue pahali vilipo. Ukiumia, hata kidogo, mwambie shefu wako na pia shefu wa mgodi siku ile ile, na taja majina ya waliokuwa karibu.

Kama hujui namba yako ya CNSS, iulize kwanza katika ofisi ya kampani iliyokuandika. Wakikuzungusha, pita kwenye dispanseri asubuhi kabla ya kazi kuanza. Tutakuandikia barua ya kupeleka kwa mjumbe wako katika komite ya usalama na usafi.